Taa za Kuvulia Siku ya Mbalamwezi

Nilipokuwa chuo kikuu Lubumbashi, wenzangu waliwaandikia wasichana mashairi juu ya mwezi. Mwezi ulikuwa uso wa mpenzi, mwezi ulikuwa kioo, mwezi ulikuwa chochote ambacho msichana angependa kulinganishwa nacho. Nami nilijaribu, nikashindwa. Kila nilipoandika neno hilo niliona sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na samaki.

Si kwamba nilikuwa na roho ngumu. Nilikuwa mtoto wa Kalemie, basi. Kwetu ndagala, wale samaki wadogo ambao ng'ambo wanaitwa dagaa, huvuliwa gizani kwa taa. Wavuvi huwasha karabai juu ya maji, samaki hudhani kumekucha, hupanda kutazama, na wavu unawasubiri. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa zima lina taa moja ya bure, na hakuna ndagala mwenye akili timamu atakayeiacha hiyo aifuate yako. Kwa hiyo siku za mbalamwezi hakuna anayevua. Mitumbwi hupinduliwa mchangani, nyavu hushonwa, wanaume hucheza karata, na akina mama wanaoishi kwa kuanika na kuuza ndagala huutazama mwezi kama mtu anayemtazama mkwe aliyekuja kukaa bila kusema ataondoka lini. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Minerval yangu yote, yaani karo, tangu shule ya misioni, ilinukia samaki.

Nimelieleza jambo hili mapema kwa sababu kuna siku nilisahau kulieleza, na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kutoroka nusura atoroke mbele ya macho yangu, mchana kweupe, kwa ruhusa ya mahakama.

Ilikuwa miaka ile nchi ikiitwa Zaire. Tuliitana sitwayeni, yaani raia, na mwanamume mwenye kazi ya serikali alivaa abakosti, koti la bila tai lililofungwa mpaka shingoni, hata Kalemie ambako joto halijawahi kujiunga na chama chochote. Nilirudi nyumbani na digrii ya sheria, nikapewa biro, chumba changu cha kazi, katika parke, ofisi ya waendesha mashtaka. Nilikuwa sibstiti, msaidizi wa mwendesha mashtaka mkuu. Cheo cha chini kabisa kati ya vile vinavyomruhusu mtu kumtia mwenzake ndani. Kwa kawaida sikufurahia kazi hiyo. Gereza letu lilijaa watu waliosubiri kesi za kuku na baiskeli, na mara nyingi nilisimama mbele ya jaji kuomba mtu aachiwe arudi kwake, wala si ashikwe. Lakini safari moja nilitaka mtu ashikwe, na nilitaka kwa moyo wote.

Boti ilitoka Kabimba, kaskazini mwetu, imepakia mifuko ya saruji, na juu ya saruji, abiria. Upepo ulikuwa umeanza. Nahodha, ambaye aliokoka na kutusimulia, alimwambia mwenye boti wasubiri mpaka ziwa litulie. Mwenye boti, mfanyabiashara mkubwa wa mji wetu, alimjibu aondoe boti au ashuke. Ikaondoka. Mawimbi yaliingia, saruji ikalowa, na saruji iliyolowa haina huruma. Mwenye boti naye aliokoka. Boya la kujiokolea lilikuwa moja tu ndani ya boti ile, na lilikuwa lake.

Kati ya waliopotea kulikuwa na binti mmoja aliyekuwa akirudi shuleni baada ya likizo kwa shangazi yake. Ziwa halikumrudisha. Mama yake aliuza ndagala sehemu ileile ya ufuko ambako mama yangu aliuza zamani, na alinijua tangu nikitembea bila suruali. Alipoingia bironi kwangu mara ya kwanza, alitazama meza, akatazama abakosti yangu, akatazama picha ya Rais ukutani.

“Kumbe njo wewe,” alisema. “Papa Sibstiti. Nimekupangusa kamasi na kitenge changu, unajua?”

“Najua, Mama. Kaa.”

Hakukaa. Alisema hataki kitu cha yule mtu, hataki mfuko wa unga wala kitambaa cha kilio, vilikwisha kuletwa na alivirudisha.

“Nataka asimame mbele ya bantu. Nimuulize, anijibu. Hiyo tu.”

“Atasimama, Mama. Tutamwita siku ya kesi.”

“Utamwita? Huyu muntu iko na nyumba Kigoma, iko na bibi kule. Akivuka, utamwita na nini? Na filimbi?”

“Mama, sheria ina njia zake.”

“Njia za sheria zinaishia pale maji yanaanza, mwanangu.”

Nilipanga karatasi. Ukweli ni kwamba mwenye boti alikuwa ameitika kila wito. Alikuja amenyoa, alisalimia hadi wafagiaji, alijibu kwa upole. Sheria iliniambia mtu kama huyo aachwe nje mpaka siku ya kesi, isipokuwa kuna sababu ya kuogopa kwamba atakimbia. Na sababu ya kuogopa si sawa na kuogopa. Kuogopa nilikuwa nako tele.

Sababu ilikuja yenyewe, jioni moja, ufukoni karibu na mdomo wa mto Lukuga. Mwenye boti aliteremka na vibarua wake kwenye boti nyingine aliyokuwa nayo, ndogo, yenye injini nzuri. Walipakia mapipa ya mafuta, nyavu, na karabai zilizosafishwa zikang'aa. Jandarme wawili, askari waliokuwa wakilinda pale, vijana wa jimbo la mbali la Équateur waliopelekwa kwetu bila kuulizwa kama wanapenda samaki, walimuuliza anakwenda wapi. Anakwenda kuvua. Wakaona nyavu, wakaona taa, wakamtakia kazi njema kwa Kilingala.

Yule mama alikuwa akikusanya magunia yake hatua chache kutoka hapo. Alitazama taa. Kisha alitazama ziwani, kwa sababu kwetu mwezi hutokea upande wa Tanzania, juu ya maji, na jioni ile ulikuwa umekwisha kutoka, mwekundu, mzima, mkubwa kama sinia. Akaweka magunia chini, akaingia majini na nguo zake, akapanda ndani ya boti, akakaa juu ya nyavu.

“Twende,” alimwambia mwenye boti. “Nipeleke na mimi tukavue wote.”

“Mama, shuka. Tafadhali, Mama.”

“Nishuke kwa nini? Hujawahi kuvua na mwanamuke? Washa injini!”

Vibarua walijaribu kumnyanyua, lakini kumnyanyua mwanamke aliyelowa, mwenye huzuni na mwenye mwili si kazi ya watu waliolipwa kibarua cha jioni. Wenzake wakaona. Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakaja wote waliokuwa ufukoni, wakapanda wakikalia mapipa na taa, hadi boti ikatua tumbo lake mchangani na haikusogea tena. Mwenye boti alisimama majini hadi magotini akiitazama. Nasikia mmoja wa wale mama alimpigia kelele: “Mbona huondoki, Papa? Imejaa kidogo tu!”

Makelele yakawa makubwa, jandarme wakaona salama yao ni kuleta kila mtu kwangu: mwenye boti, akina mama, na mpaka karabai moja kama ushahidi. Niliandika hati ya kumkamata kwa muda papo hapo, kwa furaha. Lakini hati yangu ilikuwa na maisha mafupi. Baada ya siku chache jaji alipaswa kunisikiliza, amsikilize na yeye, kisha aamue kama abaki mahabusu akisubiri kesi au arudi nyumbani kwake. Nyumbani, maana yake ziwani. Ziwani, maana yake Kigoma.

Nikajitayarisha. Ah, jinsi nilivyojitayarisha! Niliandika hotuba ya Kifaransa ndefu kama reli ya Kabalo. Niliweka uzito wa kosa, niliweka ushahidi wa nahodha, niliweka nyumba ya Kigoma na mke wa Kigoma. Niliweka Kilatini mahali ambapo Kilatini hakikuombwa. Niliisoma mbele ya kioo cha chumbani, na kwenye sehemu ya maji yasiyo na mpaka nilinyoosha mkono kuelekea dirishani, ingawa dirisha langu lilitazama choo cha jirani. Juu ya mwezi sikuandika hata neno. Haikunipitia kichwani. Huwezi kumweleza jaji kwamba maji yanalowesha. Kwamba mtu aliyebeba karabai siku ya mbalamwezi haendi kuvua, hilo lilijulikana na kila kiumbe katika dunia yangu, pamoja na paka.

Lakini jaji hakuwa wa dunia yangu. Alikuwa mtu wa Kongolo, wa mto, aliyeletwa kwetu msimu ule. Kwao samaki ni wakubwa, wana majina ya heshima, na hakuna anayewadanganya kwa taa. Alikuwa mtu mwangalifu, asiyependa kufunga watu ovyo, na kwa siku nyingine zote nilimpenda kwa sababu hiyo.

Kikao kama kile sheria inataka kiwe cha faragha, mlango ufungwe. Sheria haisemi kitu juu ya madirisha. Kwa joto la siku ile yote yalikuwa wazi, na chini yake akina mama wa ndagala walikuwa wameketi kwenye nyasi na vitenge vyao, wote, kama waliokuja kungoja garimoshi. Siku za mbalamwezi hawakuwa na kazi. Yule mama alikaa karibu na dirisha kiasi kwamba niliona ncha ya kilemba chake.

Nilisoma hotuba yangu. Jaji alinisikiliza kwa adabu ya mtu anayesubiri mvua iishe. Nilipofika kwenye Kilatini alitazama saa.

Kisha akasimama wakili wa mwenye boti. Alikuwa ameletwa kutoka Lubumbashi, mrefu, mtanashati, mwenye sauti ambayo ingemfanya mtu anunue kutoka kwake shati alilolivaa mwenyewe. Hakusoma karatasi yoyote. Alianza kwa kukumbusha kwamba katika sheria yetu uhuru ndio kawaida na kifungo kabla ya hukumu ndicho kinachohitaji sababu. Nilitikisa kichwa kukubali, ilikuwa kweli. Halafu akasogea karibu na meza ya jaji.

“Mheshimiwa, tuache vitabu, tutazame boti. Mtu anayetoroka anabeba nini? Anabeba sanduku. Anabeba nguo, redio, picha za watoto. Sasa mteja wangu alikutwa na nini? Nyavu! Na taa za kuvulia, zimesafishwa, zimejazwa mafuta! Huyu ni mtu aliyekuwa akienda kazini. Mwenzangu wa parke ameona taa akaona kutoroka. Mimi nimeona taa nikaona mkate wa familia.”

Nje kulitoka kicheko, kimoja, cha puani. Kisha vingi. Jaji aligonga meza.

“Kimya huko nje!”

Na hapo, baada ya kugonga, akamtazama wakili, akatikisa kichwa polepole, kwa kukubali, akaandika kitu.

Kile kichwa kilichotikisika nakiona mpaka leo. Nilijua mara moja: hajui. Huyu mzee mwema, msomi, mwenye mvi, hajui! Wakili hajui! Wanaume watatu wenye digrii tulikuwa ndani ya chumba kimoja tukijadili karabai, na wawili walidhani taa ya kuvulia inavua siku yoyote, kama vile taa ya baiskeli inavyomulika siku yoyote. Wa tatu, aliyelelewa na ndagala kutoka utotoni hadi kwenye digrii, alikuwa amewasomea Kilatini.

Nikamtazama mshitakiwa. Wakili wake alikuwa akiendelea juu ya mkate wa familia, na yeye alikuwa ameinamisha macho sakafuni kama mtu aliyevuliwa kofia kanisani. Alikuwa mtoto wa ziwa kama mimi. Zile taa hakuzipakia kwa ajili ya watu wetu. Alizipakia kwa ajili ya jandarme wa Équateur, na sasa wakili wake alikuwa akizipeperusha dirishani mbele ya kila mwanamke aliyejua.

Nilisimama, nikaomba niulize swali moja. Jaji akaruhusu. Niliiweka hotuba kitini, nikaikalia baadaye bila kujua, na nikaacha Kifaransa.

“Papa,” nilimwambia mwenye boti kwa Kiswahili chetu, “ile jioni unapakia taa, mwezi ulikuwa namna gani?”

Nje, akina mama walisogea karibu na dirisha. Hata mtoto aliyekuwa akilia aliacha.

“Mujibu, Papa!” sauti ikatoka chini ya dirisha. “Au hukuuona?”

“Ulikuwa… ulikuwa mukubwa,” alisema.

“Mukubwa namna gani?”

“Mukubwa tu.”

“Ulikuwa umetoka, au bado?”

“Umeisha kutoka.”

“Sasa na zile karabai ulikuwa unaenda kumulikia nani? Mwezi?”

Vicheko vilivyotoka nje sijawahi kuvisikia tena mahakamani, na nimekaa mahakamani miaka mingi. Wakili alisimama kupinga. Alisema ni maswali ya unajimu. Jaji hakugonga meza. Alinitazama mimi, akamtazama mshitakiwa, akatazama dirisha, na usoni pake niliona mtu anayehisi kwamba chumba kizima kina siri isipokuwa yeye.

“Sitwayeni Sibstiti,” alisema, “nieleze. Pole pole. Mimi ni mtu wa mto.”

Nikamweleza. Sikuhitaji zaidi ya dakika chache na mikono yangu miwili: huu mkono taa, huu mkono ndagala. Nilimweleza mwezi, nyavu zinazoshonwa, sombe yangu ya utotoni isiyo na samaki. Nilimwambia kwamba jioni ile ufukoni pote hapakuwa na mtumbwi mwingine uliotazama maji. Yote ilikuwa imelala kifudifudi. Nikasema: mtu anayekwenda kuvua siku ile ni kama mtu anayekwenda shambani kupanda mahindi wakati wa kiangazi akiwa amebeba jembe, mbegu, na pipa la mafuta ya kufika Kigoma.

Jaji aliinuka. Jambo alilofanya halimo katika kitabu chochote cha taratibu, na wakili alifungua kinywa kusema hivyo, lakini jaji alikuwa amekwisha kufika dirishani. Akaweka viwiko juu ya ukingo.

“Nyinyi huko,” aliuliza, “nani kati ya waume zenu alivua siku ile?”

“Hakuna, Papa Jaji!”

“Walifanya nini?”

“Walicheza karata,” akasema mmoja.

“Na wangu alishindwa!” akasema mwingine, na nyasi zote zikacheka.

Ncha ya kilemba iliinuka. Yule mama alikuwa amesimama, uso wake umefika usawa wa viwiko vya jaji. Yeye hakucheka.

“Papa Jaji, mimi nilimwambia twende tukavue wote. Alikataa kuwasha injini. Muulize kwa nini.”

Jaji alirudi mezani. Hakumuuliza. Alivaa miwani, akaandika kwa muda, akasoma: kwa kuwa kuna dalili nzito za kosa, kwa kuwa mshitakiwa ana makazi ng'ambo ya ziwa, kwa kuwa matayarisho yake, yakitazamwa pamoja na hali ya mwezi, hayaelezeki isipokuwa kwa nia ya kukimbia, abaki mahabusu hadi kesi yake isikilizwe. Hali ya mwezi! Katika amri ya mahakama! Nilitaka kuruka. Abakosti haikuniruhusu, ilikuwa imenishika mabegani, lakini nje waliruka kwa niaba yangu. Vigelegele vilipanda hadi kwenye bati.

Nilijua vizuri kwamba kumfunga mtu kabla ya hukumu si jambo la kupigia vigelegele. Nilijua hivyo siku nyingine zote, na nilirudi kulijua kesho yake asubuhi, mbele ya mwizi wa kuku. Lakini siku ile nilipiga.

Wakili alinipa mkono mlangoni. Alikuwa mtu muungwana.

“Mwezi,” alisema.

“Mwezi, mwenzangu.”

“Sisi Lubumbashi tunautumia kwa kazi nyingine.”

“Najua,” nilisema. “Nilijaribu. Sikuweza.”

Kesi ilikuja baada ya mvua kuanza, na mshitakiwa alikuwepo. Alitoka gerezani kwa miguu, jandarme kila upande, akasimama mahali pake mbele ya mji mzima, milango wazi safari hii. Nahodha akasema aliyoyasema. Mwenye boti alipoulizwa alianza na upepo, akaendelea na mapenzi ya Mungu. Kisha jaji, mtu wa mto, akauliza kama mama wa marehemu ana neno.

Alikuwa na neno. Alisimama bila haraka, akasogea mpaka akawa mbele yake, karibu kama watu wanaouziana kitu sokoni.

“Mutoto wangu alikuwa amekaa wapi?”

Yule mtu alimtafuta wakili wake kwa macho. Wakili alitazama viatu vyake.

“Mbele,” alisema mwishowe. “Juu ya saruji. Alikuwa anaimba na wenzake.”

Mama alikaza kitenge chake kiunoni. Nadhani alikuwa akiliweka hilo mahali.

“Nahodha alikuambia nini?”

“Aliniambia tusiondoke.”

“Na wewe ulimwambia nini?”

“Nilimwambia aondoe boti.”

“Sema tena. Sauti haifiki nyuma.”

“Nilimwambia aondoe boti, Mama.”

Yule mama aligeuka. Alikuwa mfupi, sikuwahi kuligundua hilo kabla, lakini alisimama wima kiasi kwamba watu waliokuwa nyuma hawakuhitaji kuinuka. Aliwatazama wenzake waliojaza mabenchi, mikono yao ikiwa bado na magamba, kwa sababu giza lilikuwa zuri wiki ile na wanaume walikuwa wamevua sana.

“Mumesikia?” aliuliza.

“Tumesikia!” wakajibu wote, na jaji hakugonga meza.

Hukumu ilisomwa mchana uleule. Wengi hawakuingoja. Walikuwa wamekwisha kutoka mbio kuelekea ufukoni, yule mama mbele yao, wakikunja vitenge, maana ndagala zilikuwa zimeanikwa mchangani na mawingu yalikuwa yakija kutoka milimani.